SOMO: KUTAFUTA KAZI KWA MPANGO

Soma kwanza: Nehemia 1 na 2, Nehemia 6:1-9



Swali tunaloulizwa sana siku hizi baada ya ibada si la mafundisho ya imani. Ni hili: "Mchungaji, nimeomba kazi mahali pengi na hakuna anayejibu." Nasi tukiuliza, pengi ni wapi, uliomba lini, ulituma karatasi gani, mtu huanza kufungua simu yake na kutafuta. Anapita salamu za shangazi wa Uvira, picha za arusi, tangazo la kufunga la kikundi cha akina mama, na tangazo lenyewe la kazi halionekani. Lilikuwa humo. Limezama.

Somo la leo ni juu ya kuzama huko. Hatuahidi kazi, kwa maana kazi ni chache na sisi hatuna ya kugawa. Tunafundisha namna ya kupanga kule kutafuta, kwa vyombo vya mtandao visivyolipiwa, ili jasho lako lisipotee njiani. Wako watakaosema kwamba wachungaji wameacha Neno na kufundisha simu. Hao tunawaomba wasome kwanza Nehemia kama tulivyoandika hapo juu, kisha tuongee.

Mtu wa Shushani

Nehemia alikaa Shushani, mbali na mji wa baba zake, akimtumikia mfalme wa taifa lingine. Habari mbaya za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu, naye alinena na mfalme mwezi wa Nisani, yaani miezi kama minne baadaye. Katikati hapo alifunga na kuomba. Lakini tazama alichokuwa nacho tayari siku mfalme alipomuuliza anataka nini. Alitaja muda. Alijua anahitaji barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, na alijua ile miti ni ya kujengea nini (2:6-8). Hakusema, nipe msaada wowote. Alipofika Yerusalemu alizunguka usiku akikagua ukuta kabla ya kumwambia mtu neno. Na sura ya 3 yote ni orodha: nani anajenga wapi, na nani yuko baada yake. Wengi huiruka sura hiyo wakisoma, wakisema ni majina tu. Kwetu sisi ni sura ya mtu anayejua kazi yake imefika wapi.

Hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi ya kujipatia riziki. Sheria peke yake haijazi sufuria, hilo kila mama wa Nakivale analijua. Tena mwaka 2025, Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, mashirika mengi yanayohudumia wakimbizi yalipunguza wafanyakazi. Zamani kijana aliweza kungoja tangazo libandikwe kwenye ubao wa shirika hapa Base Camp, akapeleka bahasha yake, akarudi nyumbani. Leo inabidi kutazama pia Mbarara, Kampala na mbali zaidi, na maombi yanakuwa kumi, ishirini, thelathini. Kichwa cha mtu hakibebi thelathini.

Anwani iliyo yako mwenyewe

Kabla ya jambo lolote uwe na barua pepe moja, yenye jina lako, utakayoitumia kwa kazi tu. Gmail haina malipo. Mwajiri akiona anwani yenye jina la utani la mpira au la mapenzi, hatafurahi kama marafiki zako walivyofurahi.

Jambo la kuangalia sana ni nani anashika neno la siri. Watu wengi hapa walifunguliwa barua pepe na kijana wa kibanda cha kuchaji simu, na neno la siri likabaki kwa kijana huyo. Siku akihamia Kampala, barua zako zote zimehama naye. Kaa naye ukitaka akusaidie, lakini neno la siri uliandike wewe.

Tena simu zetu zinaibwa, zinaanguka ndani ya maji, na laini inapotea. Google ikitaka kuhakikisha kuwa ni wewe, hutuma namba kwenye laini ileile iliyopotea, nawe unabaki nje ya mlango wa nyumba yako. Dawa ipo. Ukiisha kuwasha uhakiki wa hatua mbili, ndani ya mipangilio ya usalama unaweza kupewa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8, na kila moja inafungua mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi uzitie pamoja na karatasi ya familia. Tena ufahamu kwamba Google inaweza kufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2, pamoja na vyote vilivyomo. Basi hata mwezi usio na kazi ya kuomba, ingia, soma, toka.

Karatasi zilizovuka mpaka

Ukiwa na Gmail unapewa pia Google Drive, mahali pa kuweka faili kwenye mtandao, nafasi ya GB 15 kwa jumla. Kwa karatasi za mtu mmoja hiyo ni ghala kubwa. Simu ikifa, karatasi hazifi, kwa kuwa hazikai ndani ya simu.

Kwenye simu ya Android fungua Drive, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua sehemu ya kuskani, piga picha ya karatasi juu ya meza penye mwanga. Itatoka kama faili ya PDF, imenyooka, bila kivuli cha mkono wako. Fanya hivyo kwa kila karatasi uliyofika nayo: diploma ya serikali, cheti cha kazi, barua ya mwajiri wa zamani, kitambulisho cha mkimbizi. Nasi tunasisitiza: fanya hivyo wiki hii, kabla ya mvua. Tumeona diploma iliyovuka mpaka ndani ya nguo za mtoto ikaja kuharibika hapa chini ya hema linalovuja.

Kila faili lipe jina linaloeleweka: jina lako, kisha aina ya karatasi, kisha mwaka. Mwajiri anapokea faili mia zinazoitwa "document" na "skani1". Yako ikianza na jina lako ataiona.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi Wakongomani zaidi ya wengine. Karatasi zetu za Kongo zina majina matatu, la ukoo, la kati na la ubatizo, kwa mpangilio huo. Aliyetuandikisha hapa pengine aliyageuza, au aliandika herufi moja vingine. Sasa diploma inasema hivi, kitambulisho kinasema vile, na mwajiri anadhani ni watu wawili. Chagua mpangilio mmoja, ule wa kitambulisho cha mkimbizi, uutumie kwenye kila ombi, na katika barua yako ueleze kwa sentensi moja kwamba majina ya diploma ni yaleyale kwa mpangilio wa Kongo.

Na diploma ikiwa ya Kifaransa, waajiri wa hapa watataka tafsiri ya Kiingereza, na mara nyingine barua ya ulinganisho. Diploma ya sekondari inalinganishwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Shahada na stashahada za juu ni NCHE, baraza la elimu ya juu. Inachukua muda na fedha, kwa hiyo ianze kabla ya tangazo kutoka. Tangazo halitakungoja.

Jedwali

Sasa tumefika kwenye kiini. Ndani ya simu hiyohiyo weka programu ya Google Sheets. Ni daftari la mistari na safu, kama lile la mhasibu wa kanisa. Kila kazi unayoiomba ni mstari mmoja. Safu tunazopendekeza ni sita tu, kwa sababu tumeona watu wanaotengeneza safu kumi na tano siku ya kwanza na siku ya tatu wamechoka.

Safu ya kwanza ni kazi na mwajiri. Ya pili, tangazo nimelionea wapi. Ya tatu, siku ya mwisho ya kuomba. Ya nne, nilituma nini na lini. Hapo taja ni CV ipi, maana aliye fundi na tena mwalimu ana CV mbili. Ya tano, mtu wa kuuliza na namba yake. Ya sita, hatua inayofuata na tarehe yake.

Ukichoka uache safu yoyote, lakini si ya sita. Hiyo ndiyo inayogeuza orodha kuwa kazi. Tuseme mama mmoja ameomba kazi ya ukalimani wa Kiswahili na Kifaransa. Ametuma tarehe 4. Safu ya sita haitaandikwa "nangoja". Itaandikwa: "Tarehe 18, kuandika barua fupi kuuliza kama wamepokea." Tarehe 18 ikifika na hakuna jibu, anaandika barua ya mistari mitatu, yenye heshima, anatia tarehe nyingine. Baada ya mara mbili anaandika "imefungwa" na moyo wake unapumzika kutoka kwa mlango huo. Kungoja kusikokuwa na tarehe kunakula watu. Sisi tunaozunguka nyumba kwa nyumba tunaona kinavyokula usingizi, na ndoa pia.

Tarehe hiyo ya safu ya sita iingize pia kwenye kalenda ya simu ili ikulilie asubuhi.

Neno jingine kuhusu tangazo lenyewe. Usihifadhi anwani ya ukurasa peke yake. Muda wa kuomba ukiisha, matangazo mengi huondolewa, na wewe unaitwa kwenye usaili mwezi mmoja baadaye hujui tena walitaka nini. Nakili maneno yote ya tangazo, yaweke kwenye Drive katika folda ya kazi hiyo. Usiku wa kuamkia usaili utayasoma polepole, neno kwa neno, kwa maana maswali mengi hutoka humo humo.

Kuhusu megabaiti: jedwali halili nyingi, kwa kuwa ni maandishi. Tena unaweza kuiwekea faili alama ya kupatikana bila mtandao. Utaandika ukiwa nyumbani bila bando, na ukipata mtandao yote yatapanda yenyewe. Vijana wanatuuliza juu ya Trello, ambayo inapanga kazi kama kadi zinazohamishwa kutoka safu hadi safu, na LinkedIn, inayohifadhi nafasi ulizozipenda. Ni vyombo vizuri, na LinkedIn kwa mwenye elimu ya juu ina faida zake. Lakini jedwali ni jepesi, linafunguka kwenye simu ya bei ndogo, na ni rahisi kulitoa kwenye karatasi.

Matangazo yatoke wapi? ReliefWeb, tovuti ya ofisi ya Umoja wa Mataifa ya OCHA, ina ukurasa wa kazi za mashirika ambao unaweza kuuchuja kwa nchi. BrighterMonday ina kazi za makampuni ya Uganda. Na ubao wa matangazo wa hapa kambini haujafa. Upige picha kila Jumatatu na uingize mistari.

Saa na tarehe

Hapa wengi huanguka bila kujua. Tangazo likisema "5 pm", hiyo ni saa 11 jioni kwa saa yetu ya Kiswahili, si saa 5. Mtu anayesoma haraka na kuwaza saa 5 usiku amekwisha kuchelewa kwa saa 6. Kwenye jedwali andika saa kwa namna moja siku zote. Sisi tunashauri ile ya simu, yaani 17:00.

Likisema 23:59 saa za Geneva, Uganda iko mbele kwa saa 2 wakati wa baridi yao na saa 1 wakati wa joto lao. Una muda kidogo zaidi, lakini usiutumie. Mtandao wa hapa usiku una tabia zake. Mwisho wako wewe uwe siku mbili kabla ya mwisho wao.

Na tarehe: 03/04 kwetu ni tarehe 3 mwezi wa nne, kwa Mmarekani ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Kwenye jedwali anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2026-04-03. Ukiandika hivyo unaweza kuamuru jedwali lipange mistari kwa tarehe, na kazi iliyo karibu kufungwa inapanda juu.

Barua za kutoka Ono

Turudi kwa Nehemia, sura ya 6. Sanbalati na Geshemu walimwandikia mara nne, wakimwita wakutane katika uwanda wa Ono. Mwaliko ulikuwa mzuri, nia ilikuwa mbaya. Mara ya tano ilikuja barua iliyo wazi, yenye vitisho. Naye hakushuka.

Barua kama hizo zinaingia kwenye simu zetu kila wiki. "Umechaguliwa kufanya kazi na Umoja wa Mataifa, tuma ada ya fomu kwa namba hii." Shikeni hili: Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, si ya fomu, si ya usaili, si ya mafunzo. Anayedai ada ni mwizi hata akitumia nembo ya bluu. Tazama pia barua imetoka wapi. Ya UNHCR huishia na unhcr.org, si gmail. Lakini hata anwani inaweza kuigizwa, hivyo nenda mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uitafute kazi hiyo. Isipokuwepo, usishuke Ono.

Safu ya pili ya jedwali inakusaidia hapa. Ukipigiwa simu kwamba umefaulu kazi, fungua jedwali. Kama kazi hiyo haimo, basi hukuiomba, na mtu hafaulu kazi asiyoiomba.

Kwa dada zetu wanaoahidiwa kazi za nyumbani Uarabuni tunaongeza: kampuni za kupeleka watu nje hupewa leseni na wizara ya Uganda inayoshughulikia kazi na jinsia. Uliza leseni, uihakikishe wizarani, na usimpe mtu kitambulisho chako halisi "akakushughulikie".

Kwa sababu hiyohiyo, usiandike namba yako ya mkimbizi wala namba ya familia ndani ya jedwali. Jedwali unaweza kumwonyesha rafiki; namba hizo hapana. Wako miongoni mwetu ambao hawakukimbia bunduki tu, walimkimbia mtu, na mtu huyo anaweza kuwa bado anatafuta.

Baada ya miezi miwili

Ukiisha kuwa na mistari kama ishirini, kaa usome jedwali lako kama Nehemia alivyosoma ukuta. Ikiwa umetuma ishirini na hakuna hata mmoja aliyekuita, tatizo liko kwenye karatasi: CV, majina, tafsiri, au unaomba kazi zinazotaka miaka ambayo huna. Ikiwa umeitwa mara tano na hukuchukuliwa, karatasi ni nzuri. Fanya mazoezi ya kujibu maswali, kwa Kiingereza, pamoja na mtu atakayekukosoa bila huruma. Na ikiwa mistari yote kumi na nane imetoka sehemu moja, fungua sehemu nyingine. Mtu asiye na jedwali hawezi kujua ni lipi kati ya hayo. Anabaki kusema amelogwa, au kwamba Mungu amemsahau, au kwamba kabila lake ndilo tatizo. Hilo la mwisho hutokea kweli, hatulifichi. Lakini usianze nalo.

Asiye na simu kubwa

Chukua daftari la shule, piga mistari, weka safu zilezile sita. Ni jedwali kamili. Karatasi zako zitaskaniwa kwa simu ya kanisa na kupelekwa kwenye Drive yako wewe, si ya kanisa, kisha picha zitafutwa kwenye simu mbele ya macho yako. Mume na mke, kila mmoja na jedwali lake na anwani yake. Tumeona ombi la mama likizama ndani ya barua pepe ya papa.

Darasa litakuwa Alhamisi baada ya maombi ya asubuhi, chini ya mti, na kama kuna mvua ndani ya kanisa. Njoo na simu iliyochajiwa kama unayo, karatasi zako ndani ya mfuko wa plastiki, daftari na kalamu. Mahudhurio ni watu kumi kwa siku ili kila mmoja aguse mwenyewe. Jiandikishe kwa katibu. Kabla ya kuja jibu maswali haya kwenye daftari: Nehemia aliomba vitu gani hasa kwa mfalme? Wewe ukiulizwa leo unatafuta kazi gani, unaweza kujibu kwa sentensi moja? Ombi lako la mwisho ulilituma tarehe ngapi?